Wahanga wa maji si wezi wa msaada



Dharau kwa wahanga wa mafuriko katika jimbo la Tshopo huanza maji yakiwa bado ndani ya nyumba. Husikika bandarini, sokoni, juu ya baiskeli za toleka na, mbaya zaidi, ndani ya ofisi zenye kazi ya kuwapokea. Eti wanaongeza idadi, walijenga wenyewe mahali pabaya, wanangoja bashi, yaani maturubai, na mchele wa bure, na watauza vyote kabla ya Jumapili. Maneno hayo hutolewa kana kwamba ni werevu wa mtu aliyeona mengi. Ni uvivu wa kuuliza tu.

Mafuriko yenyewe hayakutungwa na mtu. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mto Kongo ulipanda hadi kama mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, sentimita chache chini ya kiwango cha 1961, mita 6.26. Majimbo 18 kati ya 26 yaliguswa, Tshopo likiwamo, na serikali ilitaja vifo vipatavyo 300. Takwimu hizo zilisomwa redioni, zikapita. Yanayofuata kijijini hayasomwi popote. Nyumba ya udongo hulowa kutoka chini, na mara nyingi huanguka maji yakiwa yameanza kupungua, wageni wenye kamera wakiwa wameshaondoka. Mihogo iliyozama huozea ardhini, na pamoja nayo hupotea vijiti vya kupanda msimu unaofuata. Kwa hiyo njaa haiji wiki ya mafuriko. Huja miezi baadaye, na anayelalamika wakati huo huambiwa kwamba mafuriko yalikwisha zamani. Visima navyo huingiwa na maji ya vyoo. Mwaka 2025 kolera ilipoua watu Tshopo, hakuna aliyehitaji kukieleza kijiji kinachokunywa maji ya mto hatari hiyo ni nini.

Swali la kwa nini watu wa mtoni hawahami huulizwa zaidi na wenye nyumba za matofali mjini. Yahuma, kwa mfano, iko magharibi ya Kisangani, ng'ambo ya kushoto ya mto, ndani ya msitu. Huko mto na vijito vyake ndivyo barabara, soko na bwawa la samaki. Anayehama maji amehama pia mafuta ya taa, chumvi, daftari za watoto na njia ya kumfikisha mgonjwa hospitalini. Serikali inayotaka watu wakae mbali na mto ingeanza kwa kutengeneza barabara.

Mwandishi wa barua hii, mkaaji wa Yahuma, alitumwa na kijiji chake Kisangani akiwa na orodha ya nyumba zilizoanguka, iliyoandikwa na kapita mwenyewe, mkuu wa kijiji, na kupigwa muhuri. Safari ya mashua ya balenieri, abiria wakiwa wamekaa juu ya magunia ya makaa na mapipa ya mafuta ya mawese, mvua ikiwanyeshea, haihitaji maelezo kwa wanaoijua. Ofisi ya kwanza ilikataa orodha kwa sababu iliandikwa kwa mkono. Ikachapwa kwenye duka la jirani, kwa franga zilizochangwa na watu wasio na paa. Ofisi ya pili ilitaka picha za nyumba hizo kabla hazijaanguka, kana kwamba kila mkulima wa Yahuma huipiga nyumba yake picha kila mwaka akingojea gharika. Ofisi nyingine ikadai barua kutoka wilayani, yaani huko huko alikotoka mjumbe, na ikataja ada ya kuifungulia faili. Risiti ya ada hiyo haikutajwa.

Kisha likaja lile lililosababisha barua hii. Mtumishi mmoja, bila kuinua macho kwenye simu yake, alisema: "Papa, ninyi watu wa mto mnafurikiwa kila mkisikia kuna msaada." Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mwenye homa, naye mhanga kutoka upande mwingine, hakucheka. Mtumishi akaongeza ushahidi wake: bashi za msaada zinauzwa sokoni, nendeni mkaone.

Zinauzwa kweli. Mjumbe alikwenda akaziona, zimefungwa robota kwa robota, kamba za kiwandani hazijakatwa. Hapo ndipo hoja ya mtumishi ilipojimaliza yenyewe. Mhanga hupewa bashi moja, na akiiuza huiuza imekunjwa kwapani, kwa sababu mtoto anahitaji dawa. Anayeuza robota nzima hakulala nje hata usiku mmoja. Wizi upo, ila ulifanyika kabla bashi hazijapakiwa mashuani, na fedheha yake ikapelekwa kijijini ambako bashi hazikufika.

Wakongo wenyewe wameonyesha njia nyingine. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na wakazi wa Goma wakaamriwa kuhama siku chache baadaye, familia nyingi za Minova na Bukavu ziliwapokea watu zisiowajua, kwenye vyumba vilivyokuwa vimejaa tayari. Hazikudai barua ya wilaya. Bila shaka baadhi ya wageni hao walikuwa waongo, kwa maana hakuna umati usio na waongo. Lakini mwongo mmoja aliyekula sahani ya fufu hakumfilisi mtu, na mtoto mmoja aliyefukuzwa angeweza kufa barabarani.

Chanzo cha mashaka haya kinajulikana, na si wanavijiji. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita, na Kisangani, iliyopigwa mabomu katika Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, ina wazee wanaoishi na vyuma mwilini hadi leo. Septemba 2025 mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa sheria katika kesi ya karibu dola milioni 20 za mradi wa gereza Kisangani, fedha zilizohusishwa na mfuko wa wahanga wa vita hivyo. Wananchi wakisoma habari kama hizo hujifunza kutomwamini yeyote anayetamka neno mhanga. Wanasiasa nao hawaoni haya. Maji yale ya 2023 yalipanda wakati wa kampeni za uchaguzi wa Desemba 20. Mashua zenye vitenge na fulana za wagombea zilijua njia ya vijito vyote. Zenye bashi zilipotakiwa, vijito hivyo hivyo vikaambiwa havipitiki.

Ukaguzi unahitajika, na wahanga ndio wa kwanza kuutaka. Ukague ghala, mashua na saini za wakubwa, usiishie kwenye sufuria ya mama aliyepoteza shamba. Wenye mamlaka jimboni wanaombwa jambo moja lisilo na gharama kubwa: kila msaada unapotoka Kisangani, idadi ya bashi, magunia na ndoo ibandikwe ukutani bandarini, na karatasi hiyo hiyo ibandikwe kwa kapita wa kijiji unakopelekwa, ili kila anayejua kusoma alinganishe. Na watumishi wanaopokea wahanga waagizwe kuwapa kiti kwanza, maswali baadaye.

Msomaji,
Yahuma, Tshopo