Lami Haili Hongo

Bei ya dizeli ikipanda, wimbo unaanza upya: sheria ya uzito inanyonga biashara. Tani 56 ni chache, wanasema. Tupewe ruhusa ya malori makubwa zaidi, lori moja libebe mzigo wa mawili, foleni ipungue Mombasa Road, unga ushuke bei dukani. Ni hoja tamu, na imevaa nguo za hesabu. Basi tuijibu kwa hesabu.

Kati ya 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kisha wakawapa wanajeshi malori wazunguke nayo mchana na usiku hadi lami ichoke. Walichopata bado kinaongoza wajenzi wa barabara hadi leo: uharibifu haupandi sambamba na mzigo. Unapanda takriban kwa kipeo cha nne. Kinachohesabiwa ni mzigo ulio juu ya kila ekseli. Ongeza mara mbili, na lami inaumia kama mara 16. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ukiibebesha 12, yaani asilimia 20 tu ya ziada, umeshaongeza madhara zaidi ya mara mbili. Ekseli ya Vitz haifiki hata tani moja. Ukilinganisha tani 10 na tani moja kwa hesabu hiyohiyo, unapata mara 10,000.

Kwa hivyo mtu akikwambia ati barabara zetu zinaharibiwa na magari mengi ya watu binafsi, mwambie arudi darasani.

Sheria tunayobishania ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2013. Ekseli ya usukani tani 8. Ekseli moja ya matairi mawili mawili tani 10. Zikiwa mbili pamoja 18, zikiwa tatu 24. Lori zima lisizidi tani 56, hata likiwa na ekseli saba. Kikomo hicho cha mwisho kinalinda zaidi madaraja, kwa sababu daraja linaweza kubeba lori lote kwa pamoja. Lami nayo inajali ekseli.

Tofauti hii ni muhimu, na hapa nitawapa wenye malori haki yao. Ukubwa peke yake si dhambi. Trela ndefu ya ekseli sita, yenye uzito wote halali wa tani 50 uliopangwa vizuri, inaweza kuwa mpole kwa lami kuliko tipa fupi iliyojazwa mchanga hadi unamwagika. Shida yangu ni kwamba wanaodai kikomo kipandishwe hawaombi ekseli zaidi. Wanaomba mzigo zaidi juu ya ekseli zilezile, kisha sisi tulipe lami.

Na tunalipa. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli ina bob 25 za ushuru wa kukarabati barabara, kutoka 18. Huna gari? Unalipa kwenye nauli ya mat, kwenye boda, kwenye nyanya zilizosafirishwa kutoka Loitokitok. Mwenye lori naye analipa, kweli, lakini kwa lita, si kwa kipeo cha nne. Lori lililozidisha mzigo linachoma dizeli zaidi kidogo na kubomoa barabara maradufu. Hiyo tofauti ndiyo ruzuku, na hakuna bunge lililoipitisha.

Angalia leni ya kushoto kwenye miinuko, mahali malori hupanda polepole jua likiwa kali. Lami imebonyea ikawa mitaro miwili. Mvua ikinyesha maji yanatuama humo, na gari dogo likiingia kwa kasi linaelea. Dereva wake atalaumiwa kwa mwendo. Hakuna atakayeuliza mitaro ililetwa na nani.

Simlaumu dereva wa lori, na nimechoka kuona yeye ndiye anayefungiwa pale mizani. Mzigo aliukuta umepakiwa. Akikataa, tajiri ana wengine kumi wanaosubiri funguo. Akikamatwa, ni yeye na taniboi wanaolala chini ya trela siku mbili. Kuteremka Mau na mzigo uliozidi, breki zikianza kunuka, ni yeye aliye ndani. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo Londiani Junction na kuua zaidi ya watu 50, wengi wakiwa wachuuzi na abiria kando ya barabara. Sisemi lile lilizidisha mzigo. Nasema tumejenga nchi ambapo soko liko mita chache kutoka kwa njia ya tani 50, halafu kuna watu wanaotaka ziongezwe.

Mlolongo, wenyeji husema, ulipata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyosubiri kupimwa. Mji mzima ulizaliwa na mizani. Miaka yote hiyo tumekuwa tukimpima mtu asiye na kauli.

Mwenye mzigo yuko wapi? Hawezi kusema hakujua. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za usafiri wa bahari zinadai uzito wa kila kontena uthibitishwe kabla halijapanda meli. Karatasi ziko. Mfanyabiashara wa saruji anajua alipakia mifuko mingapi, na kila mfuko ni kilo 50. Hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anazidisha. Wa mchanga na kokoto ndio hawana karatasi, na ndio wanaopita njia za ndani usiku wakikwepa mizani, wakivunja barabara ambazo kaunti ilizindua juzi kwa mahema na ngoma.

Kabla hatujajadili hata kilo moja juu ya 56, faini imfuate aliyepakia. Machimbo na mito ya mchanga iwekewe mizani palepale mlangoni, kabla tipa haijagusa lami. Na jina la mwenye mzigo uliozidi libandikwe ukutani pale mizani, kwa herufi kubwa, tukipita na mat tulisome.