Lainibeka chipukizi hununuliwi jina, hununuliwa kazi

Kila Aprili inapoisha, mashabiki wa fantasi ya NFL hushikwa na homa ileile. Drafti ya kuwagawa wachezaji kutoka vyuo vikuu imekamilika, video za dakika mbili zimejaa kwenye simu, na kila meneja ana jina moja analoapa kuwa litamletea ubingwa kwa miaka 10 ijayo.

Homa hii huwapiga vibaya zaidi wanaosaka malainibeka. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: lainibeka chipukizi asinunuliwe kwa jina, kwa kasi yake wala kwa nambari aliyochaguliwa nayo. Anunuliwe kwa kazi ambayo kocha amempangia. Na hata akiipata kazi hiyo, usimlipie kana kwamba mtazeeka pamoja.

Kwa msomaji aliyezoea Fantasy Premier League pekee, hebu tuwekane sawa kwanza. Kule unaunda kikosi Agosti, kinavunjwa Mei, halafu wote mnaanza upya. Katika ligi za dainasti hakuna kuvunja. Mchezaji uliyemchukua ni wako hadi umuuze, umteme au astaafu. Kila mwaka mameneja hukaa tena na kuwachagua chipukizi wapya kwa zamu, aghalabu aliyeshika mkia akitangulia. Ukikosea leo, kosa hilo unaishi nalo miaka.

Naye lainibeka ni nani? Ukiwa mtu wa raga, mfikirie flanka anayevaa nambari 7. Husimama nyuma ya majitu ya mstari wa mbele, na mbele ya mabeki wa nyuma kabisa. Mpinzani akipenya na mpira katikati, huyu ndiye wa kumwangusha. Katika ligi zinazowahesabu walinzi mmoja mmoja, kila anapomwangusha mtu wewe unapata alama. Mshambulizi anaweza kumaliza wiki tatu bila kufunga. Lainibeka mzuri ataangusha watu wanane Jumapili hii, na wanane Jumapili ijayo.

Sasa tuangalie darasa moja tu, lile la drafti ya 2018. Malainibeka wanne walichukuliwa awamu ya kwanza: Roquan Smith alienda Chicago Bears akiwa nambari 8, Tremaine Edmunds Buffalo Bills nambari 16, Leighton Vander Esch Dallas Cowboys nambari 19, na Rashaan Evans Tennessee Titans nambari 22. Hao ndio mameneja wa fantasi waliwapigania kama mpira wa kona.

Nambari 36, katika awamu ya pili, Indianapolis Colts wakamchukua Darius Leonard kutoka South Carolina State, chuo kidogo ambacho wengi hawakuwa na habari nacho. Nambari 70, San Francisco 49ers wakamchukua Fred Warner. Awamu ya sita, Atlanta Falcons wakamwokota Foyesade Oluokun. Awamu ya saba, ile ya mwisho kabisa, Colts hao hao wakamchukua Zaire Franklin.

Nini kilifuata? Leonard aliwaangusha wapinzani mara 163 katika msimu wake wa kwanza, akaongoza NFL nzima na kutuzwa mlinzi chipukizi bora wa mwaka. Warner akaja kuwa lainibeka ambaye wengi humtaja wa kwanza wakiulizwa nani bora kwenye ligi. Oluokun alisubiri zamu yake, kisha 2021 akaongoza ligi kwa kuangusha mara 192. Akahamia Jacksonville Jaguars, na mwaka uliofuata akaongoza tena kwa 184.

Kisa cha Franklin ndicho kinachonifurahisha zaidi. Kwa misimu minne alikuwa zaidi mtu wa vile vikosi vya kukimbiza mikwaju kuliko wa ulinzi wenyewe. Ilipofika 2022, Leonard akasumbuliwa na mgongo na kucheza mechi tatu tu. Franklin akapewa kazi. Akaangusha mara 167 na kuvunja rekodi ya Colts iliyokuwa ya Leonard mwenyewe. Mwaka wa 2023 akafikisha 179.

Je, Franklin aliamka siku moja akiwa na miguu mipya? La hasha. Kilichobadilika ni kwamba alianza kubaki uwanjani kila shambulizi. Hilo ndilo somo ambalo wanunuzi wa majina hawataki kulisikia.

Najua jibu la wapinzani wangu. Watasema klabu iliyotumia nafasi ya awamu ya kwanza haiwezi kumweka kijana huyo benchi, kwa hivyo nambari ya drafti ni kazi tayari. Hoja hiyo ina uzito. Smith na Edmunds wote wawili walivuka 100 katika mwaka wao wa kwanza. Vander Esch alifikisha 140. Luke Kuechly, nambari 9 wa drafti ya 2012, aliangusha mara 164 akiwa chipukizi na kuongoza ligi.

Lakini angalia bei. Mwaka huo huo wa 2012, Seattle Seahawks walimpata Bobby Wagner nambari 47, awamu ya pili, naye akaangusha mara 140. Tofauti ya alama kati ya yule ghali na yule wa bei nafuu si kubwa kama tofauti ya unachotoa mfukoni. Mimi sisemi wa awamu ya kwanza ni wabaya. Nasema wamepewa bei ya nyama ya steki ilhali kwa jirani supu ina mfupa wenye nyama vilevile.

Na wapo waliopewa nambari kubwa wakakosa kazi. Isaiah Simmons alitoka Clemson akiwa na tuzo ya lainibeka bora wa vyuo, mrefu, mwenye kasi ya kutisha, na aliyeweza kucheza karibu kila nafasi ya ulinzi. Arizona Cardinals walimchukua nambari 8 mwaka wa 2020. Tatizo likawa hilo hilo la kuweza kila kitu: leo yuko hapa, kesho anasogezwa kule. Agosti 2023 aliuzwa kwa New York Giants kwa chaguo la awamu ya saba. Meneja aliyemlipia kama mfalme alibaki ameshika karatasi.

Basi tuangalie nini? Kwanza, hesabu wanaobaki uwanjani. Zamani timu nyingi zilicheza na malainibeka watatu. Siku hizi wapinzani wanarusha mpira kila saa, kwa hivyo makocha humtoa wa tatu na kuingiza beki wa ziada. Wawili ndio hubaki, na kuna nyakati anabaki mmoja. Kijana akitajwa kuwa ameingia kikosi cha kwanza, usipige vigelegele kabla hujauliza: ni wa kwanza, wa pili, au ni yule wa tatu anayetoka mapema?

Pili, tafuta kitone cha kijani. Tangu 2008 NFL inaruhusu mlinzi mmoja kuwa na kipaza sauti ndani ya kofia yake ili apokee maagizo ya kocha na kuwapangia wenzake. Kofia hiyo hubandikwa kitone cha kijani. Mara nyingi mwenye nayo ni lainibeka, na si rahisi kocha kumtoa mtu anayebeba sauti yake. Ukisikia chipukizi amekabidhiwa kofia hiyo kambini, hiyo ni habari yenye thamani kuliko sekunde zake za mbio za yadi 40.

Tatu, soma mkataba wa mzee aliye mbele yake. Kama yule mkongwe yuko mwaka wake wa mwisho na klabu haijamwongezea, mlango uko wazi. Kama ametia saini juzi kwa miaka minne, kijana wako ataota mizizi kwenye benchi hata akiwa na kipaji cha malaika.

Nne, fahamu kazi yenyewe ni ipi. Micah Parsons alichukuliwa na Cowboys 2021 akiitwa lainibeka, lakini wakamtuma kumwinda kwotabeki, na akamwangusha mara 13 msimu wa kwanza. Ni mchezaji wa ajabu. Ila baadhi ya programu za fantasi baadaye zilimhamisha kutoka orodha ya malainibeka hadi ya watu wa mstari wa mbele, na thamani yake katika kikosi ikabadilika bila yeye kupungukiwa na chochote. Soma kanuni za ligi yako kabla ya kutoa pesa.

Sisi Wakenya tuna somo letu pia. Mwaka wa 2013 Colts walimsajili Daniel Adongo, mwanaraga wetu aliyekuwa amecheza Afrika Kusini na New Zealand, ilhali hakuwahi kucheza mchezo wa Wamarekani. Alisajiliwa kama lainibeka, na Desemba mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Tulijivunia, na tuna haki ya kujivunia hadi leo. Lakini walimtumia kwenye vikosi vya mikwaju, kisha wakaachana naye 2015. Kwenye orodha aliandikwa lainibeka. Kwenye daftari la fantasi, jina hilo peke yake halikuwa na alama.

Linalobaki ni umri, na hapa ndipo neno dainasti linapodanganya. Patrick Willis aliangusha mara 174 akiwa chipukizi wa 49ers mwaka wa 2007, akaingia kwenye jumba la magwiji, lakini alistaafu akiwa na miaka 30. Kuechly alistaafu akiwa na 28. Vander Esch, aliyesumbuliwa na shingo, naye 28. Leonard alipewa mkataba wa karibu dola milioni 100 mwaka wa 2021, na Novemba 2023 Colts wakamtema. Wapo kina Wagner wanaocheza zaidi ya misimu 10, lakini huwezi kupanga maisha kwa kumtegemea yeye. Hii ni kazi ya kugongana na watu wazito kwa kichwa na mabega, na mwili una kikomo.

Kwa hivyo ushauri wangu ni wa wazi. Mei, wakati wenzako wanapigania majina, tumia chaguo zako za juu kwa wapokeaji mpira vijana, ambao wana miaka mingi mbele yao. Malainibeka wachukue chini, wawili watatu, wale wa awamu ya pili na ya tatu walioangukia klabu zenye pengo. Agosti, kambi zikishaonyesha nani anabaki uwanjani, ongeza mmoja ambaye hakuna aliyemtaka. Na ukipata Leonard wako akavuma msimu wa kwanza, sikiliza ofa. Usione haya kumuuza akiwa kileleni.

Hili si suala la alama tu. Ligi hizi za marafiki zina ada, na zinaishi kwa sababu kila meneja anaamini mwaka ujao ana nafasi. Jamaa aliyetoa chaguo za miaka miwili kwa lainibeka mmoja kisha akaambulia patupu hukata tamaa. Kikosi chake kinaota kutu, hapangi tena wachezaji, anayekutana naye anapewa ushindi wa bure, na ligi nzima inakufa polepole.

Septemba mechi zitaanza saa mbili usiku kwa saa za Nairobi. Wenzako watafuata mpira. Wewe mfuate kijana wako: je, shambulizi la tatu likija na beki wa ziada akiingia, anabaki au anakimbilia benchi? Akibaki, una lainibeka. Akitoka, una jina tu.