Mbuzi walikula ploti mbili, fomula ikafa

Mwaka wa pili nilikariri kwamba digrii za uhuru za mabaki ni (a−1)(b−1), nikaiandika kwenye mtihani, nikafaulu. Mwaka wa tatu mbuzi wakaingia kwenye jaribio langu la mahindi wakala ploti 2 kati ya 20. Fomula ikafa palepale.

Nilikuwa na mbolea 4 katika bloku 5. Kabla ya mbuzi hesabu ilikuwa safi: 1 ya wastani, 4 za bloku, 3 za mbolea, 12 za mabaki, jumla 20. Desa linakupa namba hizo kama amri. Halikuambii kwamba vipimo 20 ni vekta moja, na kila mstari wa jedwali la anova ni kivuli cha vekta hiyo upande mmoja. Matriksi inayotupa kivuli, ukiizidisha kwa yenyewe, inabaki ileile (kivuli cha kivuli ni kivuli kilekile, basi), na ukijumlisha namba za ulalo wake mkuu unapata digrii za uhuru. Sasa hapo unakariri nini?

Jaribio likiwa kamili, matriksi ya bloku na ya mbolea unazizidisha kwa mpangilio wowote, jibu halibadiliki. Hicho ndicho mbuzi walichovuruga. Kwa ploti 18 mabaki yanabaki na digrii 10, na ukitanguliza bloku kwenye programu, mbolea inapata jumla moja ya miraba. Ukitanguliza mbolea, inapata nyingine. Mimi nikadhani kompyuta ina virusi. Wiki nzima!

Kinachoniudhi ni kwamba aljebra ya mistari tulishaisoma mwaka wa kwanza, jengo lingine, mhadhiri mwingine, shamba halikutajwa hata siku moja. Cochran alichapisha mwaka 1934 teoremu inayoonyesha lini vivuli hivyo vinakuwa huru kila kimoja na mwenzake, na bila uhuru huo jaribio la F halina miguu. Sisi tunapewa jedwali la F tu.

Wenzangu wa kilimo watasema hizo ni hesabu za watu wa hisabati. Sikubali, anayeogopa kudisko ndiye anayeumizwa zaidi na kukariri. Tupeni kipindi kimoja tu: mbolea 2, bloku 3, ploti 6 ubaoni, tuzidishe kwa mkono. Kisha mhadhiri afute ploti moja.