Kwa nini nesi haulizi kuhusu sigara?

Hivi jamani, nani alituambia kwamba kumwachisha mtu sigara ni kazi ya mabango? Kila tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, hotuba zinasomwa, fulana zinavaliwa, na kesho yake magazeti yanaandika kwamba "jamii imetakiwa kuachana na matumizi ya tumbaku". Iachane vipi? Hilo haliandikwi. Tarehe 1 Juni kila mtu amesharudi kwenye shughuli zake, na pale kioskini sigara zinaendelea kuuzwa moja moja kama peremende.

Mimi nasema hivi: anayeweza kuwaachisha Watanzania wengi sigara si waziri wala mhubiri. Ni nesi. Na nafasi hiyo tumemnyima.

Msinielewe vibaya, sijaliota hili usiku. Mtafiti Virginia Hill Rice na wenzake wamekuwa wakikusanya majaribio ya wauguzi kuwasaidia wavutaji kuacha tangu miaka ya 1990. Toleo lao la 2017 liliunganisha majaribio 44 yenye washiriki zaidi ya 20,000. Waliosaidiwa na wauguzi walikuwa na uwezekano wa kuacha uliozidi wa wenzao kwa takriban asilimia 29. Si muujiza, wengi bado walishindwa. Tena najua mtanirushia kwamba majaribio mengi ni ya nchi tajiri. Sawa. Lakini hebu nitajieni bango lililowahi kufanya hivyo.

Kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wanatumia tumbaku, yaani watu kama milioni 2.6. Wanaume peke yao asilimia 14.6. Kuna watu husoma takwimu hizo wakasema ah, ni ndogo. Milioni 2.6 ndogo?

Sasa njooni Kizota. Wengi mnaijua kwa ule ukumbi uliofanyiwa mkutano mkuu wa CCM mwaka 2012, au kwa maghala ya mahindi ya hifadhi ya chakula. Sisi tunaoishi huku tunaijua kwa malori, karakana, vumbi na wanaume wanaokohoa. Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Ni fundi wa magari, na alikutwa na kifua kikuu. Alitibiwa miezi 6 katika kliniki ambayo sitaitaja, dawa bure, na manesi walikuwa wema kwake. Walimpima uzito kila alipokwenda. Walimpima VVU. Wakamuuliza nyumbani wanalala wangapi chumba kimoja, nani kakohoa. Siku aliyomaliza dozi niliomba kuiona kadi yake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mzee huyu anavuta pakiti nzima kwa siku. Nilimuuliza, "Baba mdogo, hawakukuuliza sigara?" Akanijibu, "Mwanangu, wangeniuliza ningewaambia. Niliwaogopa kidogo, lakini ningewaambia."

Miezi 6! Mtu mgonjwa, ameshtuka, anaogopa kufa, yuko tayari kusikia. Halafu swali lenyewe haliulizwi.

Na si swali la pembeni. Moshi wa sigara unaongeza hatari ya kuugua TB, ya kufa nayo, na ya ugonjwa kurudi baada ya kupona. Utafiti uliofanyika Tamil Nadu, India, na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba karibu nusu ya vifo vya TB vya wanaume wa India vilitokana na uvutaji. Kwa hiyo unapompa mvutaji dawa za TB ukamwacha na pakiti yake mfukoni, unateka maji kwa pakacha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi ya aina hii tunaiweza kuliko wengi. Mpango wetu wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na ule utaratibu wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa mbele ya mtu, alioujenga hapa daktari Karel Styblo pamoja na Watanzania, ndio Shirika la Afya Duniani liliuchukua miaka ya 1990 na kuuita DOTS. Dunia ilijifunza kwetu! Kisha ikaja UKIMWI, manesi wetu wakafundishwa kumuuliza mtu mzima, tena mkubwa kwao, habari za chumbani kwake. Aliyeweza kumuuliza babu kuhusu kondomu atashindwa kumuuliza kuhusu ugoro?

Ugoro nao msiusahau, maana hapa ni Ugogoni. Ukimuuliza bibi wa Kigogo "unavuta sigara?" atakwambia hapana, na kweli havuti. Kikopo cha ugoro kiko kwenye pindo la kanga. Swali liwe "unatumia tumbaku ya aina yoyote?" Huyo bibi daktari wa kutoka mbali anaweza asimpate. Nesi aliyemwamkia "mbukwenyi" atampata.

Kuna watakaosema nesi ana kazi nyingi. Ni kweli kabisa, zamu ya usiku wodi nzima anaachiwa mtu mmoja. Ndiyo maana simlaumu nesi. Ushauri mfupi unachukua dakika 3 hadi 5: uliza, shauri, pima kama yuko tayari, saidia, panga siku ya kufuatilia. Mgonjwa akijua mapema kwamba hasira na kukosa usingizi vinabana zaidi wiki ya kwanza kisha vinapungua, hatarudi kwenye sigara siku ya tatu akidhani ameugua kitu kingine. Lakini huwezi kumwongezea mtu kazi kwa mdomo tu. Mfundishe, hesabu dakika zake kama kazi, mpe na dawa.

Dawa zipo. Shirika la Afya Duniani liliweka jojo na plasta za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza bupropion na varenicline. Nimeuliza maduka 3 ya dawa kuanzia huku kwetu hadi mjini. Wawili walidhani natania, wa tatu akanionyesha plasta za kidonda.

Msiniambie nchi haiwezi kutibu uraibu. Methadone kwa watumiaji wa heroini ilianza Muhimbili mwaka 2011, na hapa Dodoma kuna kliniki yake Itega, chini ya Mirembe. Ni jambo la kujivunia. Ila mraibu wa nikotini ye anaambiwa "jikaze, mwanaume".

Mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia Aprili 2007, na Ibara ya 14 inataka wanaotumia wasaidiwe kuacha na watibiwe utegemezi. Wizara ya Afya ianze na kliniki za TB tu. Swali la tumbaku lijazwe kwenye kadi siku ya kwanza, lirudiwe kila mwezi pamoja na uzito, na Bohari ya Dawa iagize plasta. Kalamu nesi anayo tayari.