Giaboksi mpya, gari linagoma: nani ana ruhusa ya kugusa kompyuta yake?

Fundi wako wa mtaani anaweza kushusha giaboksi ya otomatiki na kufunga nyingine siku hiyohiyo. Halafu unawasha gari, gia haziingii vizuri. Si lazima awe amekosea kufunga. Kwenye magari mengi ya sasa, kompyuta ya gari inabidi ipangwe upya ili iitambue giaboksi hiyo, na programu ya kazi hiyo ni mali ya mtengenezaji.

Swali la nani aipate limefika hadi kwenye sanduku la kura huko Massachusetts, Marekani. Mwaka 2012 wapiga kura waliamua kampuni za magari ziuzie gereji binafsi vifaa na taarifa zilezile wanazopata mawakala. Mwaka 2014 kampuni zikakubali utaratibu huo kwa nchi nzima. Sasa gereji ndogo kule inalipia huduma ya mtengenezaji kwa siku chache, inashusha programu halali, kazi imeisha.

Ila magari yakaanza kutuma taarifa zake kwa mtengenezaji moja kwa moja, bila waya. Mwaka 2020 watu wakapiga kura tena, kama asilimia 75 wakataka data hizo nazo zifunguliwe. Kampuni zikakimbilia mahakamani. Hoja yao ni usalama, na si ya kupuuza: anayeweza kuandika upya kompyuta za gari anaweza pia kusajili ufunguo mpya. Lakini wanaotoa hoja hiyo ndio walewale wanaofaidika fundi wa nje akifungiwa mlango.

Huku kwetu mambo ni magumu zaidi. Gari la mtumba lililoundwa kwa soko la Japani linashuka Mombasa au Dar likiwa na programu ya huko, na wakala wa hapa hakuliuza yeye. Fundi anabaki na mashine ya kunakili na mafaili ya kutumiana kwenye simu. Faili lisipolingana, au umeme wa betri ukishuka katikati ya kazi, kompyuta inaweza kufa kabisa. Na hiyo hela inatoka mfukoni mwako.

Kwa hiyo kabla hajachomeka waya, muulize mawili: amehifadhi nakala ya programu ya zamani? Betri ameiunganisha na chaja ya kushikilia umeme? Akibabaika, chukua funguo zako.