TUZIBE UFA KABLA YA KUJENGA UKUTA

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalonikera moyoni, yaani jela na watu wanaotiwa humo.

Ndugu wasomaji, sote tunaopanda matatu za Mtwapa twalijua gereza la Shimo la Tewa. Je, mmewahi kujiuliza ni akina nani hujaza jela zetu? Wengi hudhani ni wauaji na majambazi watupu. Sivyo. Mnamo Januari 2017 Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki lilitoa ripoti ya ukaguzi wake. Ilionyesha kwamba wengi wanaokamatwa na kushtakiwa nchini ni maskini wenye makosa madogo madogo.

Hayo nimeyaona kwa macho yangu hapa Kisauni. Jirani yetu mmoja alikuwa akiuza viazi karai kando ya barabara. Siku moja alishikwa kwa kukosa leseni, akatozwa faini. Angetoa wapi pesa hizo, na karai lenyewe lilikuwa limechukuliwa? Akafungwa mwezi mzima. Mwanawe, ambaye tulisoma naye darasa moja, alibaki nyumbani kuwalea wadogo zake. Hakurudi shule tena. Akaanza kukaa maskani na vijana wakubwa, na mwaka jana akashikwa kwa kuiba simu. Simu yenyewe ilikuwa ya dadangu! Sasa yuko borstal, mahali pa wavulana wa rika letu.

Nilikasirika sana, wala simtetei. Mwizi ni mwizi. Lakini nikajiuliza: mama alifungwa kwa leseni, mwana kwa simu, na simu haikupatikana. Ni nani aliyefaidika?

Najua wengine mtaniambia, "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Kwani wewe huwaogopi vijana wa panga?" Nawaogopa, tena mno. Mama akinituma dukani jioni, moyo hunidunda. Lakini vijana hao wanakamatwa kila mara, mbona hawaishi? Ni kwa sababu kinachowazaa kingali huku nje: karo, ukosefu wa kazi, dawa za kulevya, na nyumba zisizo na chakula. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta mrefu pale Shimo, na ufa ungali wazi mitaani.

Sisemi milango ifunguliwe kesho wauaji watoke. Nasema maskini asifungwe kwa sababu tu hana faini. Sheria tunayo. Tangu 1998 kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayomruhusu hakimu kumpa mwenye kosa dogo kazi ya umma badala ya kifungo. Afagie soko au apande miti, kisha jioni arudi kwa wanawe. Itumiwe zaidi!

Tena tusidhani jela ni kama mlima ulioumbwa na Mungu. Fort Jesus, tunakokwenda ziara za shule, ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho. Watu ndio waliofanya jela, na watu wanaweza kuzipunguza.

Mwisho, nawageukia wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapenzi. Rafiki yangu alipokosa wiki ya kwanza, mwalimu aliita jina lake, sisi tukajibu "Hayupo!" basi, yakaisha. Mimi ni jirani yake, na hata mimi sikwenda kumuuliza. Hilo hunisuta hadi leo. Samaki mkunje angali mbichi, na mahali pa kumkunja ni hapa darasani. Mwenzetu akikosa siku tatu, tumfuate kwao tujue kuna nini.



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu