Usimtoboe Kobe Gamba
Wageni wa kisiwa cha Changuu, Unguja, huwalisha mchicha wale kobe wakubwa ambao wahenga wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wengi hurudi wakitamani kufuga wa kwao. Sawa, ila usimwokote porini. Ni mali ya serikali, kaulize kibali kwanza. Chagua mwenye macho maangavu, anayerudisha kichwa ndani upesi ukimgusa. Mpe nyasi na majani, si wali wala mkate. Jua, kivuli, na sinia la maji ya kina kifupi. Na tafadhali, usimtoboe gamba ili umfunge kamba! Lile ni mfupa hai wenye mishipa ya fahamu. Keekee ikipita, anaumia kwelikweli. Tena huenda akaishi kukuzidi, basi mtafute mapema atakayemrithi.